NDIZI TELE NYUMBANI, NJAA TELE DARASANI

Na Mwandishi wa Kujitegemea

(Haya ni maneno niliyozungumza Jumapili moja mbele ya vijana wa Karagwe na Kyerwa tunaohangaika hapa Dar es Salaam. Wapo waliosema nawe ambaye hukuwepo uyasome. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimepunguza matusi.)

Ndugu zangu,

Sikuja hapa kuwahubiria. Elimu yangu ni kidato cha nne, kazi yangu ni kalamu ya kuokoteza, na siku mhariri akikataa habari yangu nalala na chai ya rangi. Kwa hiyo nikizungumza juu ya njaa msidhani nimeisoma kitabuni.

Wewe uliyesoma shule ya msingi huko kwetu, iwe upande wa Kayanga, Nyaishozi, Nkwenda, Mabira au Murongo, unaijua kengele ya saa nne. Inalia, mnatoka mbio kama ndama waliofunguliwa zizini, halafu mnasimama. Mnasimama kwa sababu hakuna mnachokimbilia! Wenye vijisenti wananunua andazi au kipande cha muwa. Wengine mnakwenda kunywa maji, kama yapo, mnarudi darasani mpaka saa nane na nusu. Baada ya hapo kuna kilometa tatu, nne, za kupanda na kushuka vilima. Mimi nilisoma hivyo, wakati Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe, kabla haijawa wilaya mwaka 2012.

Sasa nitubu mbele yenu. Mwaka juzi shule anayosoma mdogo wangu iliitisha mkutano wa wazazi. Wakataka kila mzazi achangie ili watoto wapate chakula cha mchana. Mama akanipigia simu kuniuliza, maana kijijini mtu akiandika gazetini huonekana anajua kila kitu. Nikamjibu kwa ukali: "Mama, usitoe hata senti! Elimu ni bure. Huo ni ulaji wa wakubwa." Mama akanitii. Wazazi wengine nao walikuwa na wanao mjini waliosema kama mimi. Mpango ukafa.

Miezi mitatu baadaye mama akapiga tena. Mtoto analala darasani kila siku. Akampeleka zahanati akidhani ni malaria. Wakapima, hakuna malaria. Muuguzi akamwuliza mtoto: "Umekula nini leo?" Mtoto akajibu: "Jana."

Ndugu zangu, nilikata simu nikakaa kimya. Tangu siku ile nimekuwa nauliza, nahesabu, nasoma. Haya nitakayosema ndiyo niliyopata.

NANI KASEMA KWETU KUNA NJAA?

Najua kuna mtu hapa ananicheka moyoni. Anasema: Karagwe njaa? Mkungu wa ndizi unaangukia mlangoni! Njaa ni ya Dodoma na Singida huko!

Hivyo ndivyo hata wakubwa walivyofikiri. Miaka ya 2000 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipolisha watoto mashuleni lilikwenda mikoa ya ukame, Dodoma, Singida na jirani zao. Sisi tulionekana kijani kibichi, tukaachwa na ndizi zetu. Lakini utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta kwamba Kagera karibu watoto 4 kati ya kila 10 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama 3 kati ya 10. Njombe, Rukwa na Iringa, ambako mahindi hujaza maghala ya nchi, walikuwa na hali mbaya kuliko sisi. Kwa hiyo shamba kuwa kijani si hoja.

Kitendawili hiki si kigumu. Ndizi ya kupika ni maji na wanga. Mtoto akila gramu 300 za ndizi zilizomenywa, anashiba, tumbo linavimba kama ngoma, lakini amepata protini kama gramu 4 tu. Waganda walioishi na matoke kama sisi walilitambua jambo hili mapema. Miaka ya 1960 pale hospitali ya Mulago, Kampala, kitengo cha lishe cha Mwanamugimu kilikuwa kinawafundisha akina mama kupika kitobero, yaani ndizi ileile waliyoizoea ikichanganywa na maharage au karanga, samaki au yai, na mboga za majani. Hawakuambiwa waache ndizi. Waliambiwa waiongezee wenzake.

Na hizo ndizi zenyewe siku hizi si zile za babu. Mnyauko uliingia Kagera miaka ya 2005 na 2006, na wengi wenu mnakumbuka mashamba yaliyokauka na baba zenu wakiwa wameshika kichwa. Asiyekuwa na shamba la ndizi leo ananunua mkungu kama wewe unavyonunua Buguruni.

MFUKO, MWILI NA MDOMO

Chakula cha shule kina mitihani mitatu, na kikifeli mmoja kimefeli yote. Wa kwanza ni mfuko: mzazi ataweza? Wa pili ni mwili: kinajenga au kinajaza tu? Wa tatu ni mdomo: mtoto atakila? Huu wa mwisho wataalamu hupenda kuusahau. Waulizeni wazee juu ya unga wa njano tulioletewa na wafadhili wakati wa shida, ule uliobatizwa jina la yanga. Watu waliula kwa sababu hapakuwa na kingine, na mpaka leo wakiutaja wanakunja uso.

Sasa tuviingize vyakula vyetu kwenye chumba cha mtihani.

NDIZI. Mdomo unapita kwa alama zote. Lakini chukua shule ya watoto 500. Gramu 300 kwa kila mtoto ni kilo 150 zilizomenywa. Ganda na mkono wa mkungu ukiviongeza unahitaji mikungu kumi hivi kila siku. Nani atamenya? Ataanza saa ngapi? Na ndizi haikai ghalani ikasubiri muhula uishe. Ndizi ni chakula cha nyumbani. Shuleni iwe ya siku moja moja, labda Ijumaa, ikipikwa katogo na maharage ili mtoto ajue shule inamjua.

MAHINDI. Yanakaa ghalani, yanapimika, yanapikwa na watu wawili. Ndiyo maana shule nyingi nchini zinapika makande au uji. Ila tuwe wakweli, uji mtupu wa sembe ni ndugu wa ndizi tupu. Unga uwe dona, au mahindi yaliwe mazima.

MAHARAGE. Hapa ndipo penye dhahabu yetu, ndugu zangu. Karibu robo ya uzito wa maharage makavu ni protini, na yana madini ya chuma ambayo mtoto anayesinzia darasani anayahitaji. Yanalimwa kila kijiji, misimu miwili kwa mwaka. Tena maharage na mahindi ni kama mshona viatu na sindano yake, kila mmoja ana upungufu ambao mwenzake anauziba. Gramu 100 za mahindi na gramu 40 za maharage zinampa mtoto protini kama gramu 18. Linganisha na zile 4 za ndizi.

DAGAA. Wanatoka Ziwa Victoria, hawako mbali, na wakikauka wanakaa. Kiganja kidogo kinatosha kubadili sufuria nzima. Mdomo unaleta ubishi kidogo, maana zamani baadhi ya koo za wafugaji hazikugusa samaki. Basi wapikwe sufuria ya pembeni, anayetaka achote.

VIAZI LISHE, vile vya rangi ya chungwa. Kimoja cha ukubwa wa ngumi kinatosha vitamini A ya mtoto kwa siku. Mbegu ni kipande cha shina, unamega kwa jirani. Shamba la shule linaweza kuvilima.

MBOGA NA MATUNDA. Majani ya maboga, mchicha, kisamvu, parachichi, papai. Na pera! Hilo pera tulilokuwa tunaliiba njiani lina vitamini C kushinda chungwa, na vitamini C inausaidia mwili kunyonya chuma ya maharage. Chai ikinywewa pamoja na chakula inaizuia. Kwa hiyo mtoto akila makande akashushia na pera amefanya jambo la maana kuliko mwenye chapati na chai.

Na senene je? Nilijua mtauliza. Senene ni nyama safi, lakini bei yake sasa hivi hata mimi hulamba midomo tu. Tuwaachie wenye sherehe.

Kwa hiyo jibu la sufuria ni makande au dona na maharage, mboga ya majani, kijiko cha mafuta, tunda la msimu. Hakuna kigeni hapo, na hakihitajiki chombo cha anga kukileta.

"LAKINI MAKANDE YANACHOSHA!"

Nakubali. Wewe uliyekaa bweni unakumbuka maharage yenye wadudu waliokuwa wanaelea kama mitumbwi. Lakini kilichokuchosha ni upishi, usimsingizie maharage! Maharage hayakulowekwa, hayakuwekwa kitunguu, mafuta yalikuwa ya kuhesabu matone. Weka gramu 5 za mafuta kwa kila mtoto kila siku. Kwa mwaka mzima ni lita moja kwa mtoto mmoja. Lita moja! Loweka maharage usiku, yataiva upesi na kuni zitapungua. Mama yako nyumbani anajua haya yote. Kwa nini shule isimwite akapike na kulipwa?

HESABU YA DEBE

Sasa mfuko. Mwaka wa shule una siku za masomo 194. Gramu 100 za mahindi mara siku 194 ni kilo 19 na nusu, yaani debe moja na ziada kidogo. Gramu 40 za maharage mara siku 194 ni kilo 8, hayafiki nusu debe. Na lita moja ya mafuta.

Hicho ndicho chakula cha mchana cha mtoto mmoja kwa MWAKA MZIMA. Chukua bei ya sokoni leo, piga hesabu mwenyewe, halafu ujiulize umekunywa bia za thamani hiyo mara ngapi tangu Pasaka.

Kama ni kidogo hivyo, kwa nini wazazi wanashindwa? Hapa ndipo nilipopata funzo kubwa kuliko yote. Wazazi wanaombwa kitu kisicho sahihi, kwa wakati usio sahihi, na mtu wasiyemwamini.

Wanaombwa pesa. Pesa kijijini inakuja na kahawa, na wengine kahawa yao imekwisha kuuzwa butura ikiwa bado maua, pesa imeliwa zamani. Wanaombwa Machi au Oktoba, wakati ghala limebaki vumbi na maharage yaliyouzwa kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno yanarudi dukani kwa bei ya kuruka. Na anayeomba ni kamati ambayo haijawahi kusoma mapato na matumizi mbele ya watu.

Geuza mambo. Maharage ya vuli yanavunwa Desemba na Januari, shule inafunguliwa Januari. Maharage ya masika yanavunwa Juni, shule inafunguliwa Julai. Mungu ametupangia ratiba, sisi tunaivuruga! Mzazi aombwe debe, siyo noti. Aombwe mavuno yakiwa uani, kabla mlanguzi hajafika na mzani wake. Debe lipimwe mbele ya watu, jina liandikwe ukutani kwa chaki kubwa: fulani ameleta kilo ngapi, leo zimepikwa kilo ngapi, zimebaki ngapi. Chakula kilichoandikwa ukutani ni kigumu kuibwa.

SERIKALI NAYO?

Msidhani nimehamia upande wa pili. Serikali haiwezi kujificha nyuma ya debe la mama yangu.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilikuwa Sh 10,000 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 194. Ni kama Sh 51 kwa siku, na hizo ni za chaki, vitabu, mitihani na ukarabati. Chakula hakimo. Nyaraka za wakati ule zikamwachia mzazi wa mwanafunzi wa kutwa mzigo wa chakula. Halafu Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia, maana watoto walikuwa wanafukuzwa kwa ajili ya michango isiyo na kichwa wala miguu. Lakini katika marufuku ile sufuria za shule nyingine nazo zilizimwa. Ikabidi yaje maelezo kwamba chakula kinachokubaliwa na wazazi wenyewe kinaruhusiwa.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kushikilia. Kwanza, mtoto ASIFUKUZWE wala asinyimwe sahani kwa sababu kwao hawakuleta debe. Mtoto wa mjane na mtoto wa mwenye lori wale sufuria moja. Ukianza kuwatenga, umerudisha yaleyale yaliyopigwa marufuku. Pili, Serikali na halmashauri zilete visivyolimwa shambani: jiko linalobana kuni, ghala lisilovuja, maji, sufuria, mshahara wa mpishi, na fungu la watoto ambao kwao hakuna debe.

Mkiambiwa haiwezekani, waambieni watazame ng'ambo ya Mto Kagera. Rwanda tunapakana nayo, tunapika ndizi na maharage yaleyale. Tangu mwaka 2021 wameupanua mpango wa chakula shuleni kuanzia awali mpaka sekondari, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/2023 mzazi wa shule ya msingi ya umma alipangiwa kulipa faranga 975 kwa muhula, Serikali ikibeba sehemu kubwa. Siwasifu kwa kila jambo. Nasema tu kwamba vilima ni vilevile na maharage ni yaleyale.

WEWE UFANYE NINI?

Wewe unayeuza mitumba Kariakoo, unayeendesha bodaboda, unayepiga debe stendi. Usijibu kwamba huna mtoto shuleni. Una mdogo wako, una mtoto wa dada yako, na simu yako inasikilizwa kijijini kuliko hotuba ya mkuu wa wilaya. Mimi kwa simu moja nilisaidia kuzima sufuria. Basi simu moja inaweza kuiwasha.

Piga nyumbani kabla ya mavuno. Uliza: shule ina kamati ya chakula? Mapato yanasomwa? Yanaandikwa ukutani? Kama la, mwambie mzee asimame mkutanoni adai hilo KWANZA, halafu atoe debe. Kudai hesabu bila kutoa debe ni kelele tu, na kutoa debe bila kudai hesabu ni kuwanenepesha panya wa miguu miwili. Na diwani akija kuomba kura, usimwulize chama chake kina wimbo gani. Mwulize ghala la shule liko wapi.

Mimi Julai hii nimemtumia mama pesa ya debe mbili, moja ya mahindi na moja ya maharage, akanunua kwa jirani wakati bei iko chini. Moja ya mdogo wangu, na ziada ni faini yangu kwa simu ile ya kwanza. Shule bado haijaanza kupika. Magunia yamewekwa kwa mzee mmoja anayeaminika, na wazazi kumi na saba wameshaleta. Mkutano mwingine uko karibu. Sijui kama watafika mia, lakini nimeambiwa ukuta umeshapakwa chokaa, unasubiri majina.

Nilipofika hapo ndugu mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. Akauliza: "Tukikupa wewe hela za madebe yetu, tutajuaje kama hutazila?"

Nikamjibu: Usinipe mimi. Ndiyo maana tangu mwanzo nasema debe, sisemi hela. Mpigie mama yako.